Nyumba ya Hurumzi na Hadithi Inayosimuliwa Juu Yake

Sisi wahakiki wa Kiswahili tuna mazoea yetu. Tunahakiki riwaya, tamthilia na ushairi, na tukipata nafasi tunagusa ngano na methali. Wakati huohuo utanzu mmoja umekua mbele ya macho yetu na hakuna aliyeushika kalamu: historia fupi ya nyumba ya kale iliyogeuzwa hoteli. Utanzu huu unapatikana katika karatasi anayokabidhiwa mgeni pamoja na ufunguo wa chumba, katika kibao kilichopigiliwa karibu na mlango, na kinywani mwa mtembeza wageni. Una wahusika, una msuko, una kilele. Tunathubutu kusema kwamba unasomwa na watu wengi kuliko riwaya nyingi tunazozifundisha katika Idara, na sehemu kubwa ya wanaousoma hawatasoma kitu kingine chochote juu ya Waswahili.

Ipo pia sababu iliyo karibu zaidi. Wahitimu wetu wengine wanapata kazi katika utalii na tafsiri, na maandishi ya aina hii ndiyo wanayoletewa mezani. Mtu hawezi kutafsiri vizuri kitu ambacho hajakihakiki. Katika makala haya tunachukua nyumba moja tu, iliyopo mtaa wa Hurumzi, namba 236, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Tunaichagua kwa kuwa hadithi yake ni miongoni mwa zile zilizosambaa zaidi, na kwa sababu nyingine itakayoonekana mbele, inayotuhusu sisi tulio upande huu wa Ziwa Tanganyika.

Hadithi yenyewe kwa ufupi huenda hivi. Tajiri mmoja wa Kihindi, Tharia Topan, alijenga jumba refu, ambalo katika mji ule lilizidiwa kimo na Beit al-Ajaib tu. Waingereza wakalitumia jumba hilo kuwakomboa watumwa, na mtaa ukapata jina lake kutokana na neno huru. Miaka ikapita, nyumba ikachakaa. Akaja mgeni mwenye mapenzi na mji, akaifufua. Leo unapanda ngazi hadi juu ya paa, unakaa juu ya mito na mazulia, unakula huku jua likizama baharini. Hapo hadithi inakwisha na chakula kinaletwa.

Tukiri kwanza kwamba msuko huu umefumwa vizuri. Una utajiri, una ukombozi, una anguko na una ufufuo. Na sehemu ya ufufuo si uongo. Emerson Skeens, Mmarekani aliyehamia Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufariki mwaka 2014, alifanya kazi kubwa pamoja na mwenzake Thomas Green. Nyumba ikajulikana kwa jina lao la Emerson & Green, halafu ikaitwa 236 Hurumzi, na baadaye Emerson on Hurumzi. Mwenye kuujua ujenzi wa Mji Mkongwe anafahamu kwamba nyumba za aina hii hazisamehe uzembe. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Paa likivuja na maji yakaingia ukutani, chokaa inalainika, vichwa vya boriti vinaoza, na ghorofa ya juu inashuka kuitembelea ya chini. Fundi anayeziba nyufa kwa saruji anadhani ametibu, kumbe amefungia unyevu ndani ya ukuta. Jengo la Beit al-Ajaib lenyewe, lililojengwa mwaka 1883, upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Basi anayeisimamisha nyumba ya Hurumzi ikasimama anastahili shukrani yake, na sisi hatumnyimi.

Ugomvi wetu ni na hadithi.

Tuanze na jina, maana hapo tupo nyumbani kwetu kiisimu. Mgeni huambiwa kwamba Hurumzi ni huru pamoja na mzee, au huru pamoja na neno lingine linaloanza na m-, kutegemea anayesimulia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuona kasoro. Katika Kiswahili kivumishi hufuata nomino: tunasema mtu huru, nchi huru, mzee huru. Huru mzee haiwezi kuwa jina la watu waliokombolewa, isipokuwa tukubali kwamba kuna mtu alisimama mlangoni akimpigia kelele kila mzee aliyetoka: “Huru, mzee!” Wapo wanaosimulia hata hivyo, na tunawapongeza kwa ubunifu. Ama mzi, si neno. Yaliyo karibu nalo ni nzi na mzizi, na hakuna hata moja litakalomfurahisha mwenye hoteli.

Ipo njia nyepesi zaidi. Katika mlango wa Ghuba ya Uajemi kuna kisiwa cha Hormuz, ambacho Waarabu hukiita Hurmuz, kilichokuwa bandari mashuhuri ya biashara ya Bahari ya Hindi na kinachojulikana hadi leo kwa udongo wake mwekundu. Kwa karne nyingi majahazi ya Ghuba yalikuwa yakishuka pwani yetu kwa pepo za kaskazi. Sasa tazama neno linavyopita katika kinywa cha Mswahili. Kiswahili hakipendi konsonanti zilizobanana na hakipendi neno kuishia na konsonanti: ndivyo hukm ilivyokuwa hukumu, ilm ikawa elimu, na qufl ikawa kufuli. Kwa kanuni hiyohiyo Hurmuz inakuwa Hurumuzi. Halafu irabu u inadondoka baada ya m, kama ilivyodondoka katika mshahara na mswada, ambayo chimbuko lake la Kiarabu lina mu-. Hurumuzi inakuwa Hurumzi. Hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji mzee wala mpiga kelele mlangoni.

Msomaji anaweza kuuliza: kuna ubaya gani watu wakisimulia etimolojia yao ya mtaani? Kila mji unazo, na huwa zinafurahisha kuliko za wasomi. Tunakubali. Lakini etimolojia hii inafanya kazi maalumu katika hadithi. Inalitoa jina la mtaa katika historia ya bahari, ya majahazi na ya wafanyabiashara wa Ghuba, na kulikabidhi kwa ofisi ya Kiingereza. Aidha, inamfanya mgeni aamini kwamba analala mahali palipopewa jina na uhuru. Huo ni mzigo mkubwa kwa jina dogo, na ni lazima tuutazame huo uhuru ulikuwa wa namna gani.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Utumwa wenyewe haukufungwa siku hiyo. Amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897, wakati wa Sultani Hamud bin Muhammed, na inafaa isomwe pole pole. Kwa amri hiyo mtumwa hakuamka asubuhi akiwa huru. Ilimpasa mwenyewe aende mbele ya mahakama akauombe uhuru wake. Akishaupata, ilimpasa aonyeshe kwamba ana makazi ya kudumu na njia ya kujikimu. Asipoweza, angehesabiwa kuwa mzururaji. Masuria waliachwa nje, wakahesabiwa kama wake wa nyumba, na mlango wao haukufunguliwa hadi mwaka 1909. Na fidia? Fidia ilikuwepo. Ililipwa kwa bwana aliyethibitisha kwamba amepata hasara. Aliyefanya kazi miaka thelathini bila ujira alitoka na karatasi.

Hadithi ya hoteli inasema watumwa walikombolewa. Kitenzi kukomboa kina pande mbili katika Kiswahili: kumtoa mtu katika dhiki, na kulipa deni ili kitu kilichowekwa rehani kirudi. Mwandishi wa hadithi anataka tusikie maana ya kwanza, na historia inatusomea ya pili. Mtafsiri makini hawezi kuliandika neno hilo katika sentensi hii na kuendelea na safari bila kugeuka nyuma.

Sasa tumrudie Tharia Topan, ambaye katika hadithi ya hoteli anatokea kama jina zuri na kofia, basi. Alikuwa Khoja wa madhehebu ya Ismailia, mzaliwa wa Kutch mwaka 1823, aliyefika Unguja akiwa bado mdogo. Akapanda hadi akawa msimamizi wa forodha ya Sultani, kazi iliyokuwa ikikodishwa kwa matajiri na ambayo ilimaanisha kwamba kila pembe ya ndovu iliyoingia na kila robota la kitambaa lililotoka lilipita mkononi mwake. Malkia Victoria alimpa cheo cha Sir. Mwaka 1887 alianzisha ujenzi wa lile jengo la pwani lenye roshani za kuchonga, ambalo baadaye lilikuja kuwa zahanati na ambalo wengi hulipiga picha bila kujua lilianzishwa na nani. Akafariki mwaka 1891 kabla halijakamilika. Mtu wa namna hii anastahili zaidi ya sentensi moja. Mfadhili na mfanyabiashara mkali walikaa katika kiwiliwili kimoja, na mhakiki hana ruhusa ya kumchukua mmoja na kumwacha mwingine.

Utajiri wake ulitoka wapi? Hapa ndipo nyumba ya Hurumzi inapotugusa sisi wa bara. Yeyote aliyesoma Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, anamkumbuka Taria Topan, kwa kuwa mwandishi anamtaja kama mtu aliyempa mali ya safari. Kitabu hicho, kilichoandikwa kwa Kiswahili na Tippu Tip mwenyewe na kuchapishwa mara ya kwanza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kazi ya Mjerumani Heinrich Brode, ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya tawasifu katika lugha yetu, na tunashangaa kwamba wanafunzi wengi wanamaliza shahada bila kukifungua. Safari ile kubwa ya tatu ilianza mwaka 1870 na Tippu Tip hakurudi Unguja hadi mwaka 1882. Kwa miaka kumi na miwili vitambaa, shanga na bunduki vilisafiri kwa mkopo, na pembe za ndovu zilisafiri kurudi juu ya mabega ya watu, na wengi wa watu hao hawakuwa wameulizwa kama wanataka kubeba.

Kutoka katika vitabu vya hesabu vya matajiri wa Unguja mpaka Tabora, mpaka Ujiji, kuvuka ziwa mpaka Nyangwe na Kasongo: hiyo ilikuwa barabara ya deni. Na ni barabara hiyohiyo iliyoleta Kiswahili. Kiswahili cha Maniema na Kivu kilipandwa na misafara hiyo. Huku kwetu, watu wa Rumaliza wakitokea Ujiji walijaribu kuingia Burundi wakagonga mwamba mbele ya Mwami Mwezi Gisabo, lakini lugha ya Ujiji haikurudi nao. Ukienda leo Buyenzi, hapa Bujumbura, utaisikia. Tunapoambiwa kwamba Kiswahili cha bara ni mtoto aliyepotea njia, inafaa tukumbuke ni msafara wa nani uliompoteza, na ni kwa mtaji wa nani.

Kwa mtazamo wetu hii ndiyo kasoro kubwa ya hadithi ya Hurumzi. Imeinua nyumba kutoka katika barabara yake. Mgeni anapanda juu ya paa na kuangalia magharibi, jua linakozama, upande wa bara. Upande huohuo ndiko kulikotoka pembe zilizoijenga. Karatasi aliyopewa inamwambia atazame rangi za mbingu. Haimwambii kwamba nyumba hii ilikuwa na mguu mmoja Unguja na mwingine Kasongo.

Linabaki pengo lingine, ambalo karibu hadithi zote za hoteli za Mji Mkongwe zinalo. Kutoka enzi ya tajiri zinaruka moja kwa moja hadi kwa mkarabati, na kati yake zinaweka neno moja: kuchakaa. Nyumba zinachakaa kama vile matunda yanavyooza, bila mtu. Lakini watu walikuwemo. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 nyumba nyingi za mji huu zilitaifishwa, na familia kutoka Ng'ambo na mashamba zikapewa vyumba katika majumba ambayo hapo kabla wazee wao waliyaingia kwa mlango wa nyuma. Kodi ilikuwa ndogo, fedha za matengenezo zikawa hazipo, na jumba lililojengwa kwa ukoo mmoja likabeba familia nyingi na mafiga mengi. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nyumba za serikali zikaanza kuuzwa, wawekezaji wakaingia, na mwaka 2000 UNESCO ikaweka mji katika orodha ya urithi wa dunia. Hiyo ni miaka zaidi ya ishirini ya watoto kuzaliwa, harusi kufanywa na nguo kuanikwa katika zile roshani. Neno kuchakaa linaifuta yote kwa mkupuo mmoja.

Fasihi yetu, kwa bahati, haikuliacha pengo hilo wazi. Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad alilitazama jumba la bwana kupitia kwa mtumishi, Kijakazi, na katika Vuta N'kuvute akatuingiza katika mitaa ya mji uleule, safari hii kwa miguu ya Yasmin. Tunaweza kubishana na Shafi. Kasri ina mabwana wabaya mno na wanyonge wema mno, na wanafunzi huliona hilo bila kuelekezwa. Lakini hata katika upande wake dhaifu, Shafi anajua kwamba jumba lina jiko, na jikoni kuna mtu. Hoteli inaweza kumwekea mgeni riwaya hizo mbili kando ya kitanda na isipungukiwe chochote. Wageni wasomao Kiswahili ni wengi kuliko wenye hoteli wanavyodhani.

Hatusemi kwamba karatasi ya hoteli iwe tasnifu. Mtu amelipa apumzike, na historia ya utumwa si kitu cha kumpa na juisi ya ukwaju. Nyumba nyingine za mji huohuo zina kazi ngumu zaidi: ile iliyokuwa klabu ya Waingereza, kwa mfano, ikaja kuitwa Africa House, inalazimika kueleza ni nani hakuruhusiwa kukaa pale ambapo leo kila mtu anakunywa akitazama machweo, na huwa haielezi. Lakini sentensi nne zingetosha Hurumzi. Moja ya mkopo na misafara. Moja ya amri ya 1897 na aliyelipwa. Moja ya familia za baada ya 1964. Na moja ya jina, inayomwachia mgeni achague kati ya mzee na Hormuz.

Jambo la mwisho ni la darasani. Katika somo la tafsiri tunatoa mara kwa mara maelezo ya nyumba za kale za pwani, na humo neno la Kiingereza la mtumishi hujitokeza pale panapotajwa vyumba vya chini na vya nyuma. Karibu darasa zima huandika vyumba vya watumishi. Mwanafunzi wetu mmoja kutoka Uvira alisimama akauliza kama nyumba ilijengwa kabla ya 1897 au baada yake. Tulimwambia kabla. Akakaa, akafuta, akaandika vyumba vya watumwa. Wenzake wakalalamika kwamba amebadilisha matini, na mjadala ukaendelea hadi kengele ilipolia na wengine wakahamia nao uani. Tarjumi zote mbili zimebandikwa kwenye ubao wa Idara pamoja na matini ya asili, na wahadhiri wenzetu wawili wameshaandika maoni yao pembeni kwa kalamu nyekundu, kila mmoja akiunga mkono upande wake.